Pampu ya sola bondeni: hesabu ambazo muuzaji hakufanyii

Haya nayaandika kwa ajili ya mkulima aliyechoka na pampu ya petroli, ambaye ameshaona matangazo ya pampu za sola kwenye simu, na sasa anajiuliza auze mbuzi anunue au asubiri kwanza. Mimi na baba watoto tulishapita huko na vitunguu vyetu hapa Ruaha Mbuyuni. Sola inafanya kazi, hilo sina ubishi nalo. Ila inafanya kazi kwa hesabu, na hesabu zenyewe hakuna muuzaji aliyetukalisha chini kutufanyia.

Kwa asiyepajua, Ruaha Mbuyuni iko wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Ukipita na basi utaona mibuyu kila upande, na pembeni mwa lami vitunguu vimewekwa kwenye nyavu vinangoja wasafiri. Ni bonde la joto. Mvua ya kwetu si ya kumwekea mtu dhamana, kwa hiyo tunalima kiangazi kwa maji ya mto. Shamba letu, eka moja, liko upande wa mto Lukosi, unaoingia Ruaha Mkuu.

Pampu ya petroli ya inchi tatu haina lawama kwenye kazi. Ukivuta kamba ikawaka, maji yanatoka kwa kishindo, mfereji unajaa, jaruba moja (kipande cha shamba kilichozungushiwa matuta) baada ya jingine linakunywa. Tabu yake ni mafuta. Eka yetu tulikuwa tunaimwagilia kila baada ya siku nne au tano, kazi ya asubuhi nzima, lita saba au nane zinakwenda. Tangu kupandikiza miche hadi kung'oa, petroli ilikuwa kama lita 200 kwa msimu. Mwaka 2022 bei ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na hiyo ni bei ya kituoni. Sisi wa ndani tunanunua kwenye madumu ya pembeni, kwa mtu ambaye naye anatafuta riziki yake juu ya hiyo bei. Piga hesabu: zaidi ya laki sita kwa msimu, kabla hujagusa mbolea, dawa wala vibarua. Na kitunguu hakikopeshi. Kikianza kujaza kichwa ukakosa mafuta wiki moja, hiyo hasara huifidii tena.

Ndipo shemeji alipokuja na habari za sola. Kuna mtu Mtandika amefunga, maji yanatoka bure. Hilo neno "bure" lilitugharimu.

Hela yote hatukuwa nayo. Sehemu tulitoa kwenye mauzo ya msimu uliopita, sehemu tukakopa kwa watu wa mtaani, mikopo ile inayoitwa kausha damu. Wanakupa siku hiyo hiyo, hawakuulizi mengi, wanaandika jina la mtu wa kukudhamini na kuangalia kilichomo ndani: godoro, televisheni, baiskeli. Riba ni kwa mwezi, na marejesho ni kila wiki. Kitunguu kinakupa hela mara moja baada ya miezi minne; sasa hiyo ya kila wiki inatoka wapi? Ilitoka kwa kuku, kwa mahindi ya kula, na kwa karo ya mtoto. Mwenye nia ya kufunga sola asitazame riba peke yake. Atazame na tarehe za marejesho. Mkopo wa kikundi chetu cha VICOBA, tuliouchukua baadaye, tuliomba tulipe baada ya mavuno, wakakubali kwa sababu wao wenyewe ni wakulima na wanajua hela ya kitunguu inaingia lini.

Mzigo wa kwanza tuliununua dukani mjini: paneli nne, kila moja imeandikwa wati 300, pampu ndogo ya kuzamisha, kontrola yake (kile kiboksi kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye pampu) na waya. Milioni moja na laki saba. Kwa wati 1,200 tuliona tumepata. Fundi wa dukani akaja, akafunga, pampu ikaanza kuunguruma mtoni, tukapiga picha. Maji yalitoka. Lakini yalitoka kama mtu anayemimina kutoka kwenye birika, na ilipofika saa tisa alasiri yakakata kabisa.

Fundi wa duka tukimpigia anasema tusubiri jua likolee. Hapa kwetu jua likolee vipi tena?

Aliyetutoa gizani ni kijana mmoja fundi umeme, ana leseni ya EWURA, anafunga nyumba za watu upande wa Ilula. Alikuja na testa na futi ya kupimia. Testa hata hakuitoa kwanza. Akalaza futi juu ya paneli.

"Mama, hizi uliuziwa wati ngapi?"

"Mia tatu kila moja."

"Haya. Urefu mita moja na senti ishirini. Upana senti sitini na saba. Zidisha." Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la paneli: 0.8. "Jua kali kabisa la saa sita linatoa kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba. Paneli nzuri ya siku hizi inakamata moja ya tano, au ikizidi inazidi kidogo. Kwa hiyo mita moja ya mraba ni wati 200 na kitu. Hii yako haina hata mita moja. Hata ingekuwa ya leo leo kutoka kiwandani isingefika 180. Mia tatu inatoka wapi?"

Akageuza paneli upande wa nyuma, akaanza kukwangua karatasi ya maelezo kwa ukucha. Ikabanduka kona. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, ndogo, yenye maandishi yaliyofifia: 150W. Zote nne zilikuwa hivyo. Baba watoto alikaa chini.

Kwa hiyo futi ya fundi cherehani inatosha kukuokoa. Pima urefu na upana kwa mita, zidisha, kisha zidisha mara 200. Ukipata namba iliyo chini sana ya ile iliyoandikwa, rudisha mzigo. Omba risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na wati zake, si "vifaa vya sola" tu, maana risiti yetu iliandikwa hivyo na tuliporudi dukani haikutusaidia kitu. Alama ya TBS itafute, ila usiishie hapo. Karatasi inabandikwa na yeyote mwenye gundi.

Yule kijana akaendelea kukagua. Waya. Sheria inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, kwa hiyo paneli zetu zilikuwa mbali na mto, na waya ulikuwa mrefu. Tuliuziwa ule mwembamba wa milimita za mraba 2.5, ambao mtu anafungia soketi za nyumbani. Kwa mita 60 kwenda na 60 kurudi, umeme wa ampea 10 unapotea njiani karibu volti 8. Kwenye nyumba yenye volti 230 huoni tofauti. Kwenye mfumo wa sola wa volti 40 ni moja ya tano ya nguvu yako inapasha moto waya ardhini. Ukinunua wa milimita 6, hasara inashuka hadi volti tatu na nusu hivi. Ukifunga paneli kwa kufuatanisha ili volti zipande, hasara inapungua zaidi. Waya mnene unauma bei, najua, na ndiyo sababu wauzaji hawautaji: ukiuweka kwenye jumla mteja anaondoka.

Halafu kuna mwelekeo. Paneli zetu zilikuwa zimeelekezwa kusini. Nilimuuliza fundi wa duka baadaye, akasema ndivyo alivyoona kwenye video. Video nyingi ni za watu wa Ulaya na Marekani, na kwao jua linapita kusini. Sisi tuko kusini ya ikweta, na Juni na Julai, wakati ule ule tunapomwagilia kuliko miezi yote, jua letu linapita kaskazini kabisa. Paneli ielekee kaskazini, iinuke nyuzi 10 hadi 15. Isilazwe bapa hata kama unadhani uko karibu na ikweta, kwa sababu bapa inakusanya vumbi na kinyesi cha ndege.

Na mbuyu. Tulikuwa tumeweka paneli karibu na mbuyu ili mlinzi akae kivulini akiziangalia. Kiangazi mbuyu hauna majani, tukadhani hauna kivuli. Ila tawi moja tu likipitisha kivuli chake juu ya paneli alasiri, paneli zilizofungwa kwa kufuatana zinashuka zote pamoja, kwa sababu umeme wake unapita mle mle. Ile saa tisa ya maji kukata ilikuwa saa ya tawi.

Sasa niende kwenye hesabu yenyewe, maana nimesema ndiyo iliyonifanya niandike. Yule kijana alitufanyia nyuma ya daftari la mtoto, na mimi bado ninalo.

Eka moja ya vitunguu kwenye joto la huku, ukimwagilia kwa mfereji na majaruba, ihesabie lita 40,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 40. Vitunguu vyenyewe havinywi yote hayo. Mengine yanapotelea mferejini. Kisha unapima mwinuko. Sio kina cha maji peke yake: unaanzia usawa wa maji mtoni kiangazi, mto ukiwa chini kabisa, unaishia pale maji yanapotokea shambani. Kwetu ni mita 12 pamoja na nyongeza ya msuguano wa bomba. Zidisha 40 kwa 12, gawa kwa 367, namba ya kugeuza kazi ya kuinua maji kuwa kipimo cha umeme. Unapata 1.3. Hizo ni kilowati-saa za kuinua maji kama pampu ingekuwa haipotezi chochote. Pampu ndogo inapoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo gawa kwa 0.4: zinakuwa 3.3. Siku ya kiangazi chukua saa tano za jua kamili, yaani mwanga wa siku nzima ukiukusanya uwe kama wa saa sita mchana, gawa: karibu wati 650. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya vumbi, waya na joto. Unafika kama wati 870. Paneli mbili za wati 450, basi. Si nne za 300, tena za uongo.

Joto wengi wanalisahau. Watu wanafikiri paneli inapenda joto. Inapenda mwanga. Wati zilizoandikwa nyuma zilipimwa kiwandani paneli ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi moja inayozidi inakula kama asilimia 0.4 ya nguvu. Saa saba mchana hapa Mbuyuni kioo cha paneli huwezi kukiwekea kiganja. Kiko nyuzi 60 na zaidi. Asilimia 14 imekwenda. Kwa hiyo usizifunge zikalala juu ya bati. Ziinue, upepo upite chini. Na kuziosha ni alfajiri, kwa maji na kitambaa laini, kamwe si saa sita kwa maji ya baridi juu ya kioo cha moto.

Baada ya mavuno tulinunua upya: paneli mbili, kontrola, pampu ya kuzamisha isiyosumbuliwa sana na mchanga, waya wa milimita 6, bomba la inchi mbili. Karibu milioni tatu na laki nane. Zile nne za zamani hatukuzitupa; zinawasha taa na kuchaji simu za jirani wote.

Hapo ndipo likaja jambo ambalo hata yule kijana hakulitazamia, na nimeona limewakatisha tamaa wengi hadi wakauza pampu zao nzuri. Pampu mpya ilikuwa inafanya kile hasa hesabu ilichosema: mita za ujazo 40 kwa siku. Ila 40 kwa siku ni kama sita kwa saa. Pampu ya petroli ilikuwa inatupa zaidi ya 30 kwa saa. Ukiyaachia maji ya sita kwa saa kwenye mfereji wa udongo wa kichanga, yanatembea hatua chache yanazama. Jaruba la kwanza linalowa, la pili linasubiri, la kumi halijui kama kuna pampu. Majirani wakaanza kutucheka, na kusema kweli hata mimi ningecheka.

Shemeji akashauri tangi. Tukanunua la lita 5,000, tukajenga mnara wa miti. Lita 5,000 za maji ni tani tano. Mnara ulisimama tukiwa tunaujaza, na ukaanza kuinama ardhi ilipolowana miguuni. Tulifungua bomba la chini maji yote yakaenda, tangi likapona, miti haikupona. Na hata kama ungesimama, 5,000 ni moja ya nane ya haja ya siku. Tangi linafaa kitalu cha miche, linafaa umwagiliaji wa matone. Kwa majaruba ya eka nzima utalijaza na kulimwaga mpaka uchoke.

Kilichotuokoa ni bwawa. Tulichimba sehemu ya juu ya shamba shimo la mita sita kwa tano, kina mita moja na nusu, tukatandika karatasi nene ya plastiki ya mabwawa. Karatasi na vibarua ilikuwa karibu laki tisa. Pampu inajaza taratibu tangu asubuhi. Saa kumi jioni tunafungua bomba la inchi nne na maji yanatoka kwa nguvu ile ile ya zamani. Eka tuliigawa mapande matano, kila siku pande moja. Vibarua walilalamika mwanzoni kwa sababu walizoea kumwagilia yote kwa pamoja na kupumzika siku nne. Sasa hatuhitaji vibarua kwa kazi hiyo. Anafanya baba watoto peke yake jua likishapoa. Mkichimba bwawa wekeni uzio siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Plastiki ikilowa inateleza, na mtoto au mbuzi akiingia hapandi.

Betri? Usinunue betri kwa ajili ya pampu. Kuna muuzaji alitaka kutuongezea nne "ili mwagilie hata usiku". Maji yakishakuwa bwawani yanamwagilia hata usiku, na hayafi baada ya miaka miwili au mitatu kama betri za risasi zinavyokufa kwenye joto letu.

Wezi nao wapo. Paneli mbili zinabebeka na bodaboda moja. Jirani yetu aliamka akakuta vyuma vitupu. Sisi tulimwambia mchomeleaji atutengenezee fremu yenye magurudumu mawili, tunaisukuma asubuhi na kuirudisha jioni, karibu na dirisha. Pia inatusaidia kuzikwepesha na kivuli cha mbuyu.

Nisemeje kuhusu hela? Kwa kila kitu, ukiacha mzigo wa kwanza na lile tangi, tulitumia milioni nne na laki saba hivi. Tunalima misimu miwili kwa mwaka, petroli tuliyookoa ni kama milioni moja na laki mbili. Kwa hiyo ni miaka minne, na hapo kitunguu kisikuangushe. Nacho huangusha: kuna msimu bei inashuka mpaka gunia la lumbesa halirudishi hata gharama ya kulijaza. Mtu anayekwambia pampu ya sola inajilipa kwa msimu mmoja, muulize anauza nini. Lakini baada ya miaka hiyo minne paneli bado ni kijana. Zinadumu miaka 25 na zaidi, nguvu ikipungua kidogo kidogo. Pampu ndiyo itakayoomba kubadilishwa kabla yake. Na bei ya paneli duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010, ndiyo maana mtu kama mimi anaweza hata kuzungumza habari hizi.

Watoto wangu wanafundishwa shuleni kwamba nishati jadidifu inapambana na mabadiliko ya tabianchi, wakaniuliza kama pampu yetu nayo inapambana. Tulipiga hesabu pamoja. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Lita 200 ni kilo 460 kwa msimu, tani moja kasoro kidogo kwa mwaka. Kiwanda cha kutengeneza paneli nacho kinatumia nishati, ila paneli inairudisha ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo ndiyo, inapambana, kwa saizi yake. Afrika yote hewa tunayochafua haifiki asilimia tano ya dunia, na sitamdanganya mtu kwamba nilikopa kausha damu ili nipunguze hiyo. Nilikimbia bei ya mafuta. Faida ya tabianchi kwangu naiona upande mwingine: mvua zikichelewa, kama zinavyozidi kuchelewa, nina uwezo wa kumwagilia wiki tatu zaidi bila kukopa mafuta.

Na hapa nataka nilete jambo ambalo kwenye vikao wengi hawapendi nilitaje. Petroli ilikuwa ghali, lakini ughali wake ulikuwa unatufunga mikono. Hakuna aliyewasha pampu bila sababu. Sola haina mkono wa kuifunga. Jua likitoka, inavuta. Bwawa likijaa, inaendelea kuvuta, maji yanamwagikia njiani, na mwenyewe yuko kijiweni. Baada ya sisi walifunga wengine, kisha wengine tena, na kufika Oktoba Lukosi ilikuwa imepungua hadi mawe yanaonekana, na watu wa chini yetu mifereji yao imekauka. Babu mmoja wa huko chini alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema kwa upole: "Mjukuu wangu, jua ni la kila mtu. Na mto je?" Sikuwa na jibu la kumpa mzee.

Maji haya yana wenyewe wengi. Yakitoka Lukosi yanaingia Ruaha Mkuu, unaokuja kutoka Mtera, yanashuka Kidatu kuzungusha mitambo ya megawati 204, kisha yanafika Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Huo nao ni umeme jadidifu, ndio unaowasha sehemu kubwa ya nchi, na unategemea mvua na mto. Oktoba 2015 ukame ulifikisha mahali mitambo ya maji ikazimwa. Huko juu, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mto umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, kabla hata mtu wa huku kwetu hajaota pampu ya sola, kwa sababu ya maji yanayochukuliwa mashambani Usangu. Kwa hiyo nishati jadidifu moja inaweza kumnyang'anya mwenzake maji kinywani kama hakuna anayepanga. Ndiyo maana ninafurahi nikisikia habari za upepo wa Mufindi, ule mradi wa Mwenga, au mvuke wa ardhini wa Olkaria huko Kenya. Umeme wa aina hiyo hauusubiri mto kujaa.

Kabla hujanunua bomba, nenda ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde lako ukaulizie kibali cha kutumia maji. Sisi wa bonde la Rufiji ofisi iko Iringa mjini. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inakitaka, na siku mgogoro ukifika kwa mtendaji, mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa kwanza. Halafu weka boya. Ni kifaa kidogo kinachoelea bwawani. Maji yakifika juu kinazima pampu chenyewe. Bei yake haifiki hata ya mfuko mmoja wa mbolea, na kontrola nyingi zina mahali pake tayari, zinasubiri tu mtu auchomeke waya.

Jumuiya ya watumia maji imepanga zamu kwa Septemba hadi mvua zianze: upande wetu siku tatu kwa wiki, upande wa chini siku tatu, moja mto unapumzika. Baadhi wanavunja. Wanavuta usiku kwa petroli, wakati paneli zao zimelala ndani kwa utii kabisa. Bado tunabishana adhabu iwe nini, na kikao kijacho mimi nitapendekeza boya liwe lazima kwa kila mwenye pampu, ya sola au ya mafuta.

Pampu yetu ya petroli hatukuiuza, na mtu akiniuliza namwambia asiuze yake. Mei kuna wiki za mawingu, na miche ikiwa imetoka tu kupandikizwa haiwezi kungoja anga lifunguke. Siku nyingine zote tunaikodisha kwa jirani, elfu kumi kwa siku, mafuta yake.